Nani ameiweka swichi hapo? Maswali yenu kuhusu ulinzi wa kerneli ya Linux

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu tofauti lakini yanazunguka mti mmoja: mashine inakataa kitu, au inaruhusu kitu, na mwenye mashine hakumbuki kuagiza lolote. Hayo ndiyo tunayoyaita machaguomsingi, yaani hali ambayo kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, inakuja nayo kabla hujaigusa. Wanaoitengeneza Linux wenyewe wamegombana juu yake miaka nenda rudi, na ugomvi huo unakufikia wewe kwa sura ya ujumbe wa hitilafu saa nane usiku.

Nina seva mbili, moja Debian na nyingine Ubuntu, kerneli zao zinakaribiana toleo. Kwenye Debian naweza kuiunganisha gdb, chombo cha kusaka hitilafu, na programu yangu inayoendelea. Ubuntu inanijibu `ptrace: Operation not permitted.` ingawa programu ni yangu mwenyewe. Kerneli si ni ileile? — Msimamizi wa mifumo, Dodoma

Kerneli ni ileile, waliopita juu yake ndio tofauti. Swichi ya ulinzi hupitia mikono mitatu kabla ya kukufikia. Wa kwanza ni wa aliyeandika msimbo. Wa pili ni wa aliyeikusanya kerneli, ambaye amejibu maelfu ya maswali ya ndiyo na hapana kwenye faili la usanidi. Wa tatu ni wa distro, yaani wafungashaji wa Linux kama Debian au Ubuntu, inayoweka mafaili madogo ya sysctl (orodha za swichi za kerneli na thamani zake) yanayosomwa mashine inapowaka. Ukitaka kujua nani wa kumlaumu, tafuta mkono.

Swichi yako inaitwa `kernel.yama.ptrace_scope`. Ikiwa 0, mchakato wowote wako unaweza kufungua kumbukumbu ya mchakato wako mwingine. Ikiwa 1, mzazi tu ndiye anayeweza kumchungulia mtoto aliyemzaa. Ikiwa 2, mwenye uwezo wa `CAP_SYS_PTRACE` peke yake. Ikiwa 3, hakuna anayeruhusiwa, na huwezi kurudi nyuma mpaka uwashe mashine upya. Sababu yake si ya kubuni: bila kizuizi hicho, kivinjari kilichotekwa kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye mchakato wako mwingine na kusoma siri zilizo kwenye kumbukumbu yake, kwa kuwa wote wawili ni "wewe".

Ubuntu ilianza kuzuia tangu 10.10, mwaka 2010. Kerneli rasmi ikaipokea Yama, sehemu yenye swichi hii, katika toleo 3.4, mwaka 2012. Debian huikusanya Yama lakini huongeza kiraka chake cha kuiacha kwenye 0. Fedora hufikia 0 hiyohiyo kwa njia nyingine, kupitia kifurushi kiitwacho `elfutils-default-yama-scope`. Msimbo mmoja, distro tatu, uamuzi wa aina mbili.

Kuutafuta mkono:

```
sysctl kernel.yama.ptrace_scope
grep -rs ptrace_scope /etc/sysctl.d /run/sysctl.d /usr/lib/sysctl.d
systemd-analyze cat-config sysctl.d
grep YAMA /boot/config-$(uname -r)
```

Amri ya pili ikirudi mikono mitupu, basi thamani imetoka ndani ya kerneli yenyewe. Kwa kazi yako ya gdb usibadilishe mfumo mzima. Ianzishe programu ndani ya gdb, ili gdb iwe mzazi, au tumia `sudo gdb -p` na namba ya mchakato. Kwenye seva ambayo hakuna anayesaka hitilafu kila siku, ningeiweka 1 hata kwenye hiyo Debian.

Kuna mitego miwili hapa. Mafaili ya sysctl hupangwa kwa jina bila kujali yako saraka gani, hivyo `/etc/sysctl.d/10-yangu.conf` itabatilishwa na `/usr/lib/sysctl.d/50-default.conf` iwapo zote zinagusa swichi moja. Anza jina lako na 99. Pili, Debian 13 haisomi tena `/etc/sysctl.conf` wakati wa kuwaka. Mipangilio uliyoiandika humo miaka mingi iliyopita inapotea kimya kimya baada ya kupandisha toleo. Ihamishie `/etc/sysctl.d/99-yangu.conf`, kisha uendeshe `sudo sysctl --system` na usome majina ya mafaili inayoyataja moja baada ya jingine.

Skripti yangu ya cron (kipanga ratiba) inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, inaandika `/tmp/ripoti.csv`. Faili liliundwa kwanza na mtumiaji mwingine. Sasa napata `/tmp/ripoti.csv: Permission denied`. Root anakatazwaje? Nimejaribu hata chmod 666. — Mhasibu anayejifunza Linux, Tanga

Chmod haitakusaidia, kwa sababu aliyekukatalia si ruhusa za faili. Ni swichi ya `fs.protected_regular`. Kanuni yake ni hii: ndani ya saraka ambayo kila mtu anaweza kuandika na yenye alama ya `t` mwishoni (angalia `ls -ld /tmp`, utaona `drwxrwxrwt`), huruhusiwi kufungua faili la mtu mwingine kwa namna ya "fungua, na kama halipo liunde", isipokuwa mwenye faili ndiye mwenye saraka. Alama `>` ya shell hufungua kwa namna hiyohiyo. `tee` pia. Root hana msamaha, na hilo limefanywa kwa makusudi, maana root ndiye anayewindwa.

Fikiria hivi. Mtu mwenye akaunti ya kawaida anajua kila saa sita usiku root huandika `/tmp/ripoti.csv`. Saa tano na nusu anaunda faili la jina hilo, likiwa lake. Root anamwaga data humo, na mwenye faili anaisoma au anaibadilisha kabla haijatumwa. Hakuhitaji kuvunja chochote.

Tiba ni kuacha majina yanayotabirika ndani ya `/tmp`. Kama faili ni la muda, tumia `f=$(mktemp)` na uandike kwenye `"$f"`. Kama watumiaji wawili lazima washirikiane faili, wape saraka yao:

```
sudo groupadd ripoti
sudo install -d -o root -g ripoti -m 2770 /var/lib/ripoti
```

Ile 2 ya mbele hufanya mafaili yarithi kundi. Hakuna `t`, hivyo swichi haihusiki. Watie watumiaji wote wawili kwenye kundi na watoke kwenye akaunti zao kisha waingie upya, la sivyo kundi jipya halitaonekana. Kwa huduma ya systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mashine) ambayo huwezi kuuhariri msimbo wake, `PrivateTmp=yes` humpa `/tmp` yake binafsi, ila hapo kushirikiana faili kunakufa.

Swichi hii ina ndugu wakubwa wawili, `protected_symlinks` na `protected_hardlinks`, na historia yao ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa ugomvi tunaouzungumzia. Wazo lilikuwa la zamani. Viraka vya Openwall vilikuwa nalo tangu miaka ya 1990. Kees Cook, mhandisi wa usalama wa kerneli, alilifikisha kwenye kerneli rasmi, na toleo 3.6 la Septemba 2012 likatoka swichi zote mbili zikiwa zimewashwa. Haikumaliza mwezi kabla hajajitokeza aliyevunjikiwa: AFD, programu ya kusambaza mafaili inayotoka idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, ilikuwa ikitegemea kuunda hadilinki (jina la pili la faili lilelile) kwa mafaili isiyoyamiliki. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akazizima Oktoba mwaka huohuo, na 3.7 ikatoka zikiwa 0. Hoja yake haikuwa kwamba ulinzi ni mbaya. Ilikuwa kwamba kerneli mpya haina haki ya kuvunja mfumo uliokuwa ukifanya kazi jana, na kwamba distro zikitaka ziwashe zenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Systemd huziwasha ndani ya `50-default.conf`, Debian na Ubuntu wana faili lao `99-protect-links.conf`, na leo karibu kila mashine ya kawaida ina 1 huku kerneli yenyewe ikiendelea kusema 0. Anayeumia ni mwenye mfumo mdogo aliojitengenezea bila systemd, tuseme ndani ya ruta au kifaa cha kupimia. Kama ni wewe, hizi hazijiwashi: `fs.protected_symlinks`, `fs.protected_hardlinks`, `fs.protected_fifos`, `fs.protected_regular`. Ziandike mwenyewe.

`dmesg` inadai `Operation not permitted`. — Mwanafunzi, Eldoret

`sudo dmesg`. Ni `kernel.dmesg_restrict=1`, kwa sababu ujumbe wa kerneli wakati mwingine hubeba anwani za kumbukumbu zinazomsaidia mshambuliaji kulenga. Ukiwa kwenye kundi la `adm`, `journalctl -k` itakuonyesha yaleyale bila sudo.

Nina chumba cha kompyuta 14 za mtumba, laptopu za Core i5 kizazi cha 3. Fundi mmoja ananiambia niweke `mitigations=off` zitakuwa nyepesi. Mwingine ananiambia nitaibiwa. Na kama kinga hizi zinapunguza kasi, kwa nini zimewashwa bila kutuuliza? — Mwenye kituo cha intaneti, Kahama

Wote wawili wana nusu ya ukweli, lakini kwa chumba chako yule wa pili ana nusu kubwa.

Prosesa za kisasa hukisia. Zikifika njia panda kwenye programu hazingojei jibu, zinatangulia upande mmoja, na zikikosea zinafuta kazi. Januari 2018 ikatangazwa kwamba kazi iliyofutwa huacha nyayo kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), na nyayo hizo zinasomeka. Ndiyo Meltdown na Spectre. Meltdown kwenye Intel za umri wa laptopu zako huruhusu programu ya kawaida isome kumbukumbu ya kerneli, na kinga yake, PTI, ni kutenganisha ramani za kumbukumbu za kerneli na za programu. Gharama inalipwa kila programu inapoiita kerneli. Kwa hiyo hifadhidata, seva yenye mafaili madogo mengi na trafiki ya mtandao huumia. Kukokotoa hesabu tupu au kuandika barua hakuumii kwa kiasi cha kuonekana. Kizazi cha 3 kinaumia zaidi kidogo kuliko cha 4 kwenda juu, kwa sababu amri ya `INVPCID`, inayopunguza mzigo huo, ilianzia Haswell.

Anza kwa kuona mashine inasema nini:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

Kila mstari ni tundu moja. `Not affected` ni salama kwa maumbile. `Mitigation: PTI` ni limeathirika na limekingwa. `Vulnerable` ni liko wazi. Ukiona `no microcode`, sakinisha kifurushi cha `intel-microcode` (Debian na Ubuntu) na uwashe upya. Laptopu za mtumba mara nyingi hazijawahi kusasishwa BIOS tangu zitoke kiwandani, na maikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa yenyewe, ndiyo nusu ya kinga.

Ukiandika `mitigations=off`, inayopatikana tangu kerneli 5.2 ya mwaka 2019, unazima karibu kinga zote hizi kwa pigo moja. Sasa jiulize msimbo wa nani unaendeshwa kwenye mashine zako. Kituo cha intaneti kinaendesha JavaScript ya dunia nzima, na flashi za wateja juu yake. Vivinjari vina kinga zao, ikiwamo kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, lakini vimejengwa vikitarajia kwamba kerneli chini yao haijavua nguo. Usizime. Mashine ninayoweza kuizimia ni ile inayofanya kazi moja ya mwenyewe: inachakata video, inakusanya msimbo wako, haina watumiaji wengine wala kivinjari. Hapo pima kwanza, mara tano kabla na mara tano baada, kwa kazi yako halisi na amri ya `time`. Kisha:

```
sudo nano /etc/default/grub   # humo badilisha mstari ufuatao uwe hivi:
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash mitigations=off"
sudo update-grub
sudo reboot
cat /proc/cmdline
```

Kwenye Fedora ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="mitigations=off"`. Tofauti ikiwa chini ya asilimia mbili tatu, irudishe ilivyokuwa. Na kwa laptopu 14 zenye diski za kuzunguka, fedha ya SSD itakupa wepesi ambao hakuna swichi ya kerneli itakayokupa.

Kwa nini zimewashwa bila kuuliza? Kwa sababu mtu asiyejua ndiye wa kulindwa, lakini mpaka uko wapi ndipo walipogombana. Novemba 2018, wakati 4.20 inaandaliwa, kinga iitwayo STIBP iliwashwa kwa kila mchakato. Inahusu SMT, ile ambayo Intel huiita Hyper-Threading: kiini kimoja cha prosesa kinajifanya viwili, na nyuzi mbili zinazogawana kiini zinaweza kupotoshana makisio. Vipimo vikaonyesha baadhi ya kazi zikipoteza karibu nusu ya kasi. Linus akaja juu: kinga yenye bei hiyo haiwezi kuwa chaguomsingi, na anayejali kiasi hicho tayari ameizima SMT yote. Kiraka kilikuwa kimeshaingia 4.19.2, kikaondolewa kwenye 4.19.4. Mwishowe STIBP ikabaki kwa michakato inayoiomba, na ile iliyojifungia kwa seccomp, kizuizi cha kerneli cha kupunguza amri ambazo mchakato unaweza kuziita. Mwaka 2022, toleo 5.16 likaitoa hata hiyo ya seccomp kwenye chaguomsingi.

Miezi michache kabla, Juni 2018, OpenBSD, watengenezaji wa mfumo mwingine wa uendeshaji, walikuwa wameshika njia ya pili. Waliizima SMT kwa wote kwenye Intel, `hw.smt=0`, kwa hofu kwamba nyuzi zinazogawana kashe na TLB (kashe ya anwani za kumbukumbu) zitazaa matundu mengine. Mwaka uliofuata yakaja matundu ya MDS, yanayovujisha data kutoka bafa za ndani za prosesa, na hofu yao ikapata ushahidi. Nadhani Linus alikuwa sahihi kuhusu STIBP yenyewe. Lakini kusema "anayejali ataizima SMT" kunamwacha yule ambaye hajawahi kusikia neno SMT, na huyo ndiye chaguomsingi lilipaswa kumfikiria. Kwenye Linux ukitaka njia ya OpenBSD ni `mitigations=auto,nosmt`, au kwa majaribio bila kuwasha upya:

```
echo off | sudo tee /sys/devices/system/cpu/smt/control
```

i5 ya laptopu yenye viini viwili itaonyesha prosesa mbili badala ya nne. Ukiona umepoteza zaidi ya unavyovumilia, andika `on`.

Programu ya kuchora niliyoifungua ndani ya `/opt/mchoro` ilifanya kazi Ubuntu 22.04. Kwenye 24.04 inakufa: `The SUID sandbox helper binary was found, but is not configured correctly`. Nimeambiwa niiendeshe na `--no-sandbox`, au nizime `kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns`. Nichague ipi? — Mbunifu wa picha, Mombasa

Usichague hata moja. Ya kwanza inavunja kizimba cha programu hiyo, ya pili inafungua lango la nyumba nzima.

Programu nyingi za leo zimejengwa juu ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome. Hizi hufunga sehemu zao za hatari ndani ya kizimba, na kizimba hujengwa kwa `userns`: uwezo wa mtumiaji wa kawaida kujitengenezea dunia ndogo ambamo anaonekana ni root, ingawa nje ni mtu wa kawaida. Kerneli ilimruhusu kila mtu tangu 3.8, mwaka 2013. Podman (ya kuendesha kontena) isiyo na root inautegemea, Flatpak (ya kusakinisha programu) vilevile.

Tatizo ni kwamba huyo root wa kuigiza anafika kwenye sehemu za kerneli zilizoandikwa miaka ambayo root wa kweli tu ndiye aliyeweza kuzigusa. Mfano ni tundu lililosajiliwa kama CVE-2022-0185, la Januari 2022: hesabu iliyopitiliza chini ya sifuri katika kusoma chaguo za kupachika mfumo wa mafaili. Kuifikia kulihitaji `CAP_SYS_ADMIN`, sehemu ya mamlaka ya root, na `userns` ikaitoa bure.

Hapa watu wazima na akili zao waligawanyika. Mwaka 2016 Kees Cook alipendekeza swichi rasmi ya kuwazuia watumiaji wa kawaida. Eric Biederman, aliyeijenga `userns`, akaipinga. Kerneli rasmi ikabaki na kikomo cha namba tu, `user.max_user_namespaces`, ambacho RHEL 7 walikiweka 0. Debian walibeba kiraka chao cha kuzima mpaka Debian 11 ya mwaka 2021, walipogeuka na kuwasha: bila `userns` kila kivinjari kililazimika kuja na msaidizi wake wa setuid root (programu inayopata mamlaka ya root hata ikianzishwa na mtu wa kawaida), na kila msaidizi ni tundu linalosubiri. Ubuntu wakachukua njia ya kati: mtumiaji wa kawaida akatazwe, isipokuwa programu yenye wasifu unaoiruhusu katika AppArmor, mlinzi wa kerneli anayeipangia kila programu mipaka yake. Yako haina wasifu, basi. Uandike, kwenye `/etc/apparmor.d/mchoro`:

```
abi <abi/4.0>,
include <tunables/global>

profile mchoro /opt/mchoro/mchoro flags=(unconfined) {
  userns,
  include if exists <local/mchoro>
}
```

Kisha `sudo apparmor_parser -r /etc/apparmor.d/mchoro` na uifungue programu. Njia lazima iwe ya faili lenyewe linaloendeshwa. Kama `/opt/mchoro/mchoro` ni simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine), `readlink -f` itakuonyesha pa kuandika. Ikigoma bado, `sudo journalctl -k | grep apparmor` itataja jina la programu iliyokataliwa, na mara nyingi utakuta ni faili jingine, si ulilodhani.

Ujumbe wenyewe unakupa njia nyingine: kumpa `chrome-sandbox` umiliki wa root na ruhusa 4755. Inafanya kazi, ila umerudi kwenye msaidizi wa setuid. Nisingeipenda kwa programu iliyopakuliwa tu.

Wala usidhani kizuizi cha Ubuntu ni ukuta wa mawe. Mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Qualys ilionyesha njia za kukizunguka kwa kupitia wasifu wa kuruhusiwa uliokwishakuwepo: `aa-exec` humhamishia mtu kwenye wasifu kama huo, na `busybox` tayari inao wake. Ni kizingiti cha kumchelewesha mtu. Seva inayoshirikiwa na watu wengi, isiyo na kontena wala kivinjari, iwekee `user.max_user_namespaces=0`, ukikumbuka kwamba huduma za systemd zenye `PrivateUsers=` zitagoma kuanza.

Nimeweka `kernel.unprivileged_bpf_disabled=1`, sasa nataka kurudisha 0 na hata root anakataliwa. — Kisumu

Swichi hii huwafungia watumiaji wa kawaida BPF, njia ya kupakia programu ndogo ndani ya kerneli. Namba 1 ni kufuli lisilo na ufunguo mpaka mashine iwake upya. Ungetumia 2, iliyoletwa na 5.13, ambayo inazuia vilevile lakini root anaweza kuibadilisha. Ondoa mstari wako kwenye `/etc/sysctl.d`, washa upya, na kama unataka bpftrace, chombo cha kuichunguza kerneli kwa BPF, endelea kuiendesha kwa sudo. Haihitaji swichi hii ifunguliwe. Milango ya BPF ilifunguliwa kwa wote na 4.4 mwaka 2016, ikatoa matundu kama CVE-2017-16995, na kufikia 5.16 kerneli rasmi yenyewe ikakubali kuifunga tangu mwanzo. Kumbe wakati mwingine inabadili msimamo.

Fedora yangu haina tena chaguo la kulala kwa kuhifadhi kila kitu kwenye diski, na moduli ya VirtualBox inakataliwa: `Key was rejected by service`. — Mwalimu wa TEHAMA, Bukoba

Ukiandika `mokutil --sb-state` utakuta Secure Boot (ukaguzi wa saini za programu mashine inapowaka) imewashwa. Kisha `cat /sys/kernel/security/lockdown`; neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika, na lako litakuwa `integrity`. Katika hali hiyo kerneli inajilinda hata dhidi ya root: moduli isiyo na saini inakataliwa, `/dev/mem` inafungwa, na kulala kwa diski kunazuiwa kwa kuwa picha ya kumbukumbu iliyolala inaweza kuhaririwa kabla haijaamshwa.

Kuifungamanisha na Secure Boot ndiko kulikozua vumbi. Aprili 2018 Linus alimkatalia Matthew Garrett na wenzake, waliokuwa wakiipigania kinga hii ya lockdown: mashine nyingi huuzwa Secure Boot ikiwa imewashwa, na mwenye mashine hapaswi kukuta kerneli imebadilika tabia kwa jambo ambalo hakulichagua. Lockdown ikaingia 5.4, mwaka 2019, ikiwa imezimwa na bila uhusiano huo. Fedora, Ubuntu na Debian hurudisha uhusiano kwa viraka vyao.

Unaweza kuzima Secure Boot na kumaliza kila kitu kwa dakika moja. Kwa laptopu inayobebwa shuleni ningetia saini:

```
openssl req -new -x509 -newkey rsa:2048 -nodes -days 3650 \
  -subj "/CN=Moduli zangu/" -keyout MOK.priv -outform DER -out MOK.der
sudo mokutil --import MOK.der
sudo reboot
```

MOK ni ufunguo wa mwenye mashine, na mokutil itakuomba neno la siri la mara moja. Mashine ikiwaka utaona skrini ya buluu: chagua `Enroll MOK`, uandike neno hilo. Ukiipita skrini hiyo bila kubonyeza kitu, ombi linapotea na unaanza tena. Kibodi hapo ni ya mpangilio wa Marekani, hivyo epuka alama maalumu. Ukirudi:

```
sudo /usr/src/kernels/$(uname -r)/scripts/sign-file sha256 \
  MOK.priv MOK.der $(modinfo -n vboxdrv)
sudo modprobe vboxdrv
```

Rudia kwa `vboxnetflt` na `vboxnetadp`, na kila kerneli ikisasishwa. Kifurushi cha `kernel-devel` cha toleo lilelile lazima kiwepo, la sivyo `sign-file` haitapatikana. Kulala kwa diski hakutarudi kwa saini. Hicho ndicho unachokilipa. Na `MOK.priv` iwe ya root, ruhusa 600, au bora uitunze kwenye flashi iliyofichwa kwa nywila, maana mwenye faili hilo anaweza kuipa kerneli yako moduli yoyote.